Sentimita 32 kati ya bikoni mbili: masahihisho ya umbali kwa mpimaji wa Arusha

Msomaji mmoja, fundi sanifu wa upimaji ardhi anayefanya kazi Arusha, ameniandikia hivi: "Mzee wangu, shikamoo. Wiki iliyopita tulipima kwa totali stesheni mstari kati ya alama mbili za msingi pembezoni mwa mji, mahali penye mwinuko wa mita 1,400 hivi. Umbali mlalo tuliousoma ni mita 1,240.02, lakini nikikokotoa kutoka kwenye koordineti za UTM za alama hizo napata mita 1,240.34. Ppm kwenye mashine ilikuwa sifuri, na joto lilikuwa nyuzi 27. Mwenzangu mmoja anasema mashine imeharibika, ipelekwe kwa fundi. Mwingine anasema nipandishe ppm mpaka vipimo viwiane ili kazi iendelee. Nimfuate nani?"

Marahaba, ndugu yangu, na ahsante kwa kuandika namba zako zote, kwa sababu swali la vipimo lisilo na namba halijibiki. Usimfuate hata mmoja kati ya hao wawili. Katika uliyoniandikia sioni dalili kwamba totali stesheni yako, mashine ya kupima pembe na umbali kwa mwanga, ina hitilafu, na ushauri wa kupandisha ppm, yaani sahihisho la umbali linalowekwa ndani ya mashine, mpaka vipimo viwiane ndio wa hatari zaidi, kwa kuwa utakupa jibu la kupendeza leo na kukuharibia kazi mahali pengine kesho. Sentimita zako 32 zinatokana na mambo matatu tofauti, na mawili kati ya hayo hayahusiani na mashine hata kidogo.

Kabla ya hesabu, naomba tutenganishe mafungu mawili ya masahihisho, maana wapimaji wengi huyachanganya kisha wakashindwa kujua kosa limeingilia wapi. Fungu la kwanza linatafuta ukweli wa ardhini, yaani ni mita ngapi hasa kutoka bikoni hii (alama iliyosimikwa ardhini) hadi ile. Humo huingia hali ya hewa, konstanti ya prizimu (kioo kinachorudisha mwanga kwenye mashine), hali ya mashine yenyewe na mshazari wa mstari. Fungu la pili linauchukua ukweli huo wa ardhini na kuupeleka kwenye ramani, yaani kwenye UTM, mfumo wa koordineti unaoutandaza uso wa dunia kwenye karatasi bapa, na humo huingia mwinuko juu ya usawa wa bahari pamoja na skeli ya projeksheni, ambayo ni kiasi umbali unavyorefuka au kufupika katika kutandazwa huko. Ukikosea katika fungu la kwanza, umekosea kupima. Ukiliacha fungu la pili, kipimo chako bado ni sahihi, ila umekilinganisha na kitu kisicho cha aina yake.

Tuanze na hewa. Mashine hutuma mwanga, prizimu huurudisha, kisha mashine husoma muda uliotumika au mabadiliko ya fezi ya wimbi lililorudi, na kutokana na kasi ya mwanga hukokotoa umbali. Katika ombwe kasi hiyo ni mita 299,792,458 kwa sekunde, lakini ndani ya hewa mwanga hupungua kasi kwa takribani sehemu 280 katika kila milioni, na kiasi hicho hubadilika kadiri hewa inavyokuwa nzito au nyepesi. Mtengenezaji hawezi kujua utaifanyia kazi wapi mashine yake, kwa hiyo huchagua hewa moja ya mfano, yenye mgandamizo wa hektopaskali 1,013, ambao ni wa usawa wa bahari, na joto la nyuzi 12, 15 au 20 za Sentigredi kutegemea kampuni. Kwa hiyo ulipoacha ppm sifuri uliiambia mashine kwamba iko ufukweni, siku ya baridi ambayo hata Tanga hawaijui. Ppm moja, kwa atakayesoma na hajazoea, ni milimita moja kwa kila kilomita.

Hewa ya Arusha ni nyepesi. Kwa mwinuko wa mita 1,400 mgandamizo wake ni kama hektopaskali 860. Mwanga hupita ndani yake kwa kasi kubwa kidogo, hurudi mapema kuliko mashine inavyotarajia, na mashine hudhani kwamba prizimu iko karibu zaidi. Ndiyo maana huku kwetu sahihisho la hewa ni la kujumlisha. Kwa mashine yenye hewa ya mfano ya nyuzi 15, hesabu inayotosha shambani ni hii: zidisha mgandamizo kwa 79.6, gawanya kwa joto uliloliongezea 273, kisha toa jibu hilo kwenye 280. Kwako wewe, 79.6 mara 860 ni 68,456. Ukigawanya kwa 300 unapata 228.2, ukitoa kwenye 280 unabaki na ppm 52. Katika mita 1,240 hizo ni milimita 64. Kitabu cha mashine yako kitakuwa na fomula yake yenyewe, na hiyo ndiyo ya kufuata, lakini ukiona majibu yametofautiana kwa zaidi ya ppm chache, angalia kwanza kama hewa yake ya mfano ni ya nyuzi nyingine.

Linganisha sasa ppm hizo 52 na usahihi ulioandikwa kwenye mashine nyingi tunazozitumia, ambao ni milimita 2 na ppm 2. Kwa kilomita moja hiyo ni milimita 4 tu. Mtu ananunua kifaa cha mamilioni ya shilingi kwa sababu ya milimita 4, kisha anaacha milimita 52 zipite kwa kutogusa vitufe viwili. Jambo hili huniumiza, maana ni rahisi mno kulirekebisha.

Kuna mtego mmoja ambao ningependa uujue vizuri. Wapimaji wengi wakishaelewa umuhimu wa mgandamizo hufungua simu, husoma taarifa ya hali ya hewa ya Arusha, huona 1,015 na kuiingiza. Namba hiyo si mgandamizo wa mahali uliposimama. Kwa desturi ya watabiri wa hali ya hewa, mgandamizo unaotangazwa hurekebishwa uwe kana kwamba kituo kiko usawa wa bahari, ili miji ya pwani na ya milimani iweze kulinganishwa kwenye ramani moja. Ukiingiza 1,015 kwa nyuzi 27, mashine itakokotoa ppm 11 badala ya 52, na mstari wako utabaki mfupi kwa sentimita 5, huku ukiamini kwamba umeshasahihisha. Kanuni ninayowafundisha vijana ni kwamba Arusha mjini mgandamizo ukizidi 900, namba hiyo ni ya bahari. Tumia baromita halisi, au ingiza mwinuko wa mahali kama mashine yako ina nafasi hiyo.

Baada ya hapo usihangaike kufuatilia mgandamizo saa hadi saa. Katika nchi za ukanda wetu hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, juu kabisa ukiwa karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku, lakini tofauti yake ni hektopaskali tatu au nne tu, ambazo ni kama ppm moja. Joto ndilo la kufuatiliwa, maana kila nyuzi moja ni karibu ppm moja, na asubuhi ya mwezi wa Julai hapa Arusha inaweza kuachana na alasiri yake kwa nyuzi kumi au zaidi. Kipimajoto kikae kivulini, penye upepo, juu ya ardhi kwa urefu unaokaribiana na ule wa mashine. Mimi hukifunga kwa kamba kwenye mguu wa stendi, upande wa kivuli cha mwavuli, na hukiacha dakika kadhaa kabla ya kukisoma. Kilichokuwa kwenye dashibodi ya gari kitakudanganya kwa nyuzi kumi bila shida. Kwa mstari mrefu unaopanda, mathalani kutoka viungani mwa Moshi kuelekea Kibosho, soma hewa ya ncha zote mbili na utumie wastani, kwa sababu kupanda mita 300 hupunguza mgandamizo kwa kama hektopaskali 30.

Unyevu wa hewa uache. Kwa mwanga, athari yake ni ndogo kuliko kosa la kipimajoto chako. Ulikuwa adui mkubwa zama za Tellurometer, kile kifaa cha mawimbi ya redio kilichobuniwa Afrika Kusini na Trevor Wadley miaka ya 1950, na wazee waliokitumia ndio walioturithisha hofu hiyo.

Sasa prizimu. Katika mstari wako wa zaidi ya kilomita moja prizimu haina mchango mkubwa, lakini kwenye kazi za viwanja, ambazo naamini ndizo nyingi kwako, ndiyo inayoharibu kuliko hewa na ramani zote mbili kwa pamoja. Mwanga husafiri polepole ndani ya kioo, na kitovu cha prizimu hakikai sawasawa juu ya fito, hivyo kila aina ya prizimu ina kiasi chake cha kudumu cha kuongeza au kupunguza. Prizimu ya duara ya Leica huhesabiwa kuwa sifuri ndani ya mashine za Leica zenyewe, lakini ukiitumia na mashine ya kampuni nyingine ni milimita 34.4 za kutoa. Nyingine ni milimita 30 za kutoa, nyingine sifuri. Kosa hili halijali urefu wa mstari: mita 20 au mita 2,000, ni lile lile.

Niliwahi kuitwa Moshi kusaidia kikundi ambacho travasi yake ya viwanja, yaani mlolongo wa mistari na pembe unaopaswa kuishia kwenye alama inayojulikana, ilikataa kufunga kwa siku tatu. Walikuwa wamerudia pembe zote, wamebadilisha hata stendi. Niliona kwamba fito moja ilikuwa na prizimu ya rangi ya chungwa na nyingine ilikuwa nyeusi, ya kuazima. Tulipiga vigingi viwili kwenye njia tambarare kando ya mibuni, tukanyoosha tepu ya chuma kati yake, ikasoma mita 40.00. Mashine kwa prizimu ya kwao ilisoma 40.00. Kwa ile ya kuazima ilisoma 40.03. Hakuna aliyesema neno kwa muda. Kila mstari uliopimwa kwa fito nyeusi ulikuwa umerefushwa milimita 30, na karibu nusu ya mistari yao ilikuwa hivyo.

Huhitaji maabara kuligundua hilo. Chagua mahali tambarare, simamisha stendi tatu kwenye mstari mmoja ulionyooka, tuziite A, B na C, na usizisogeze tena. Unachohamisha ni mashine na prizimu juu ya besi zake. Pima AB, BC na AC. Kama kuna kosa la kudumu, AC imelibeba mara moja, lakini AB na BC zimelibeba mara mbili. Kwa hiyo ukitoa jumla ya AB na BC kwenye AC unapata sahihisho lenyewe. Tuseme AB ni 41.227, BC ni 58.664 na AC ni 99.861. Jumla ya vipande ni 99.891, na 99.861 kutoa 99.891 ni milimita 30 za kutoa. Ukipata milimita moja au mbili, hilo ni kosa la kusimamisha stendi, wala si la prizimu. Fanya jaribio hili kila unapopata prizimu mpya, na kila mashine inaporudi kutoka kwa fundi. Jaribio hili halitakuonyesha kama masafa ya mawimbi ya mashine yamehama, maana kosa hilo hukua na urefu. Kwa hilo ni lazima kupima kwenye mstari wa uhakiki wenye urefu unaojulikana.

Mshazari wewe umeshaumaliza, kwa kuwa umesoma umbali mlalo. Hata hivyo hakikisha kila mara ni safu ipi unayoinakili kwenye kioo. Kwa mteremko wa nyuzi 5, mita 400 za mshazari ni mita 398.48 za mlalo, na mita moja na nusu ni uwanja wa jirani.

Hadi hapa tumepata ukweli wa ardhini: 1,240.02 pamoja na 0.06 ni mita 1,240.08. Huu ndio umbali ambao fundi ujenzi au mhandisi wa barabara angeutaka. Lakini koordineti zako hazizungumzii uso huu unaousimamia. Zimekokotolewa kwanza kwenye elipsoidi, uso wa kihesabu ulio karibu na usawa wa bahari, kisha zikatandazwa kwenye karatasi bapa ya UTM.

Tukishuka kutoka mita 1,400 hadi usawa wa bahari, mistari miwili iliyosimama wima kwenye bikoni zako inakaribiana, kwa kuwa yote inaelekea kitovu cha dunia. Kiasi cha kufupisha ni mwinuko ukigawanywa kwa nusu kipenyo cha dunia, yaani 1,400 kwa 6,371,000, ambayo ni ppm 220. Katika mstari wako hizo ni sentimita 27, na umbali unakuwa mita 1,239.81. Mwinuko wa kukadiria kutoka kwenye ramani unatosha, maana unahitaji kukosea mita 6 ili upoteze ppm moja.

Halafu skeli ya projeksheni. Arusha na Moshi zote ziko ukanda wa UTM wa 37 Kusini, ambao meridiani yake ya kati ni longitudo 39 Mashariki. Kwenye meridiani hiyo UTM hufupisha kila umbali kwa kuuzidisha kwa 0.9996, na kadiri unavyoiacha skeli hukua, ikafika 1 kwenye umbali wa kama kilomita 180, kisha ikapita. Ukichukua koordineti yako ya mashariki, ukatoa 500,000, ukageuza kuwa kilomita, kizidisho ni 0.9996 ukijumlisha mraba wa kilomita hizo mara 0.0000000124. Mji wa Arusha uko karibu na mashariki 243,000, yaani kilomita 257 kutoka meridiani ya kati, na kizidisho chake ni 1.00042. Mita 1,239.81 zikizidishwa kwa hicho zinakuwa mita 1,240.33.

Koordineti zilikupa 1,240.34. Sentimita moja iliyobaki katika kilomita na robo ni ya kusimamisha vifaa na ya alama zenyewe, na mimi ningeipokea kwa moyo mweupe. Usihofu kwamba alama moja iko kwenye mfumo wa koordineti wa Arc 1960 na nyingine kwenye TAREF11, kwa kuwa kuichanganya mifumo hiyo kungekuletea tofauti ya mamia ya mita.

Sasa utaona kwa nini nimeukataa ushauri wa rafiki yako wa pili. Angekuambia uweke ppm 258, na kweli mstari wako ungewiana. Chukua mashine hiyo hiyo, yenye ppm 258 ndani yake, uende nayo Moshi, kilomita 80 tu kwa barabara. Kwa mwinuko wa mita 850 na joto la nyuzi 30, hewa inataka ppm 39 za kujumlisha. Mwinuko unataka 133 za kutoa. Na kwa kuwa Moshi iko karibu kabisa na mahali ambapo skeli ya UTM ni 1, projeksheni inataka 20 tu za kujumlisha. Jumla ni ppm 74 za kutoa. Arusha umbali wa kwenye ramani ni mrefu kuliko wa ardhini, kwa sentimita 20 kila kilomita; Moshi ni mfupi, kwa sentimita 11. Ishara yenyewe imegeuka. Mwenye ppm 258 atakosea kule sentimita 33 kwa kila kilomita, na hatakuwa na kumbukumbu yoyote ya namba hiyo ilitoka wapi. Hata akibaki Arusha, siku atakapoitwa kuweka nguzo za jengo au mhimili wa daraja, kazi inayotaka mita za ardhini, atampa mhandisi mita za ramani bila kumwambia.

Kwa hiyo kwenye mashine weka mambo ya fungu la kwanza peke yake: joto, mgandamizo na konstanti ya prizimu. Mwinuko na skeli viingizwe ofisini wakati wa kukokotoa, au kama programu ya mashine inaviruhusu viingizwe kwenye nafasi yake maalumu ya skeli, lakini mahali pamoja tu, kwa sababu nimeona pia kazi zilizosahihishwa mara mbili, shambani na ofisini, zikatoka na kosa lile lile kwa upande wa pili. Wenzako wanaotumia vipokezi vya setilaiti wakumbuke kwamba umbali wanaokokotoa kutoka kwenye koordineti za UTM ni wa ramani, na hauwezi kulinganishwa na wa totali stesheni kabla ya hatua hizi.

Kwa viwanja vidogo usijitese. Mpaka wa mita 30 hapo Arusha hubadilika milimita 6 kwa ramani na milimita moja na nusu kwa hewa, wakati prizimu isiyo sahihi inaweza kukupotosha milimita 30 hapo hapo. Tumia bidii yako panapostahili.

Kabla hujaijumuisha kazi hii kwenye faili la kupeleka Idara ya Upimaji na Ramani, rudi ukapime mstari huo kutoka ncha ya pili, asubuhi, ukiwa umeingiza joto na mgandamizo wa kweli. Kwenye daftari la shambani andika, kando ya kila umbali, joto, mgandamizo, aina ya prizimu na konstanti yake, na kama namba uliyoandika ni ya mshazari au ya mlalo. Na bikoni zile mbili usiziguse wala usiruhusu mtu azichimbue kwa kudhani zimehama. Ziko mahali pake.